Mtoto wa kaka yangu ana miaka 15 ila polisi kaandikwa 19, tumuache hivyohivyo?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Ujiji, nalifupisha. Mtoto wa marehemu kaka yake, miaka 15, kakamatwa Jumapili usiku maeneo ya Mwanga pamoja na vijana wawili wakubwa, wanatuhumiwa kuvunja kibanda cha kuuza simu. Familia kufika kituoni wakakuta kijana kaandikwa ana miaka 19, na kasema mwenyewe, maana anapiga kazi kwenye mitumbwi ya dagaa pale Kibirizi na tajiri wake alishamfundisha akiulizwa umri na mtu yeyote wa serikali aseme 19. Sasa kuna jirani kawaambia waache hivyohivyo, kwamba akijulikana ni mtoto atapelekwa "shule ya watoto watukutu" Mbeya na hawatamuona tena miaka, bora ahesabiwe mtu mzima apate dhamana na wenzake. Dada anauliza, huyo jirani yuko sahihi? Mtoto atafungwa miaka mingapi? Na wakiongea na mwenye kibanda wakamlipa si itaisha?

Pole sana dada. Jirani yenu nadhani ana nia njema ila ushauri wake ni wa kumtupa mtoto shimoni. Kwa umri wa miaka 15 huyo kijana hafungwi jela, sio miaka mingapi, hafungwi kabisa, hata akikutwa na hatia. Kwa umri wa miaka 19 kosa la kuvunja duka na kuiba ndani kifungo chake kinaweza kufika miaka 10. Sasa nambie hapo nani anafaidika na hiyo 19. Tajiri wa mtumbwi labda, maana yeye hataki ijulikane alikuwa anamtuma mtoto kwenda kuvua usiku.

Mi ni wakili, kesi zangu nyingi ni za Kigoma na Tabora, na kitu ninachowaambia wazazi kila siku ni kwamba kwenye kesi ya mtoto umri ndo kesi yenyewe, mengine yote yanafuata. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, basi, haijalishi ameota ndevu, ameacha shule, anajitegemea au ana demu. Wazee wengi, na hata maaskari wa zamani, bado wana kichwani ile sheria ya kikoloni iliyokuwepo kabla, ambayo ilikuwa inamhesabu mtoto chini ya miaka 12, na kuanzia 12 mpaka chini ya 16 anaitwa kijana, ukifika 16 umekuwa mkubwa. Hiyo imeshafutwa. Ndo maana utasikia mtu anakwambia kwa kujiamini kabisa "huyu ana kumi na sita huyu si mtoto", mwache aongee, ila usikubali iandikwe.

Kwa wale wenye watoto wadogo zaidi niseme tu haraka. Chini ya miaka 10 mtoto hana kosa la jinai hata afanye nini, hapelekwi mahakamani kushtakiwa. Kuanzia 10 mpaka kabla ya 12 ni upande wa mashtaka ndo wathibitishe kwamba alikuwa na akili ya kujua anachofanya ni kibaya, wasipothibitisha hamna kesi. Wa kwenu ana 15, hayupo huko, kwahiyo anaweza kushtakiwa ila anashtakiwa kama mtoto.

Sasa hiyo 19 imetoka wapi na inakwenda wapi. Pale kaunta askari ana daftari, mtuhumiwa akiingizwa anaulizwa jina, umri, anakaa wapi, anajibu, inaandikwa, hamna mtu anayebishana nae, ni saa sita usiku na kuna wengine nyuma wanasubiri. Kutoka kwenye daftari inaingia kwenye maelezo yake, kutoka kwenye maelezo inaenda kwenye hati ya mashtaka. Ukiiona hati ya mashtaka juu kabisa utakuta mistari mifupi, jina, kabila, umri, dini, kazi, makazi, na pale kwenye umri patakuwa pameandikwa miaka 19 kwa herufi safi kabisa za kompyuta. Hakimu akiishika anaona mtu mzima. Wakili wa serikali anaona mtu mzima. Gereza likipokea karatasi linapokea mtu mzima. Kila mmoja anaamini aliyemtangulia alihakikisha, kumbe aliyemtangulia wa kwanza kabisa ni mtoto wa miaka 15 aliyekuwa anaogopa kumuudhi tajiri wake.

Kwahiyo kazi yenu ya leo, sio kesho, ni kuiua hiyo 19 kabla haijafika kwenye hati. Tafuteni cheti cha kuzaliwa. Najua kwetu huku wengi hawana, mtoto kazaliwa kijijini Uvinza au Kalinzi kwa mkunga, mama hakwenda kukata cheti, haina shida, hicho sio kitu pekee. Kadi ya kliniki kama ipo hata imechanika, rejista ya shule ya msingi aliyosoma, mwalimu mkuu atawapa barua yenye tarehe aliyoandikishwa nayo, cheti cha ubatizo kama ni wa kanisani, cheti cha darasa la saba. Na mzazi au ndugu anayejua lini kazaliwa anaweza kula kiapo. Mahakama ya Rufani ikiwa imekaa hapo jirani Tabora, kwenye rufaa ya jinai ya 2015, ilisema umri unaweza kuthibitishwa na mhusika mwenyewe, ndugu, mzazi, daktari au cheti cha kuzaliwa kama kipo. Kesi ile ilihusu umri wa aliyetendewa kosa, sio mtuhumiwa, ila mawakili tunaitumia kuonyesha kwamba cheti sio Mungu. Daktari ni wa mwisho kwangu, sio wa kwanza, maana daktari anakadiria kwa kuangalia meno na mifupa na makadirio yanaweza kupita mwaka hata miwili, na kwa kijana aliyekomaa kwa kuvuta nyavu inaweza kuwaumiza. Kama una karatasi za shule tanguliza za shule.

Mkishakuwa na hata kimoja kati ya hivyo toeni kopi, nendeni kituoni muombe kumuona mpelelezi wa kesi na pia Dawati la Jinsia na Watoto, vituo vikubwa vinalo. Usifoke. Sema tu afande, huyu ni mtoto, ana miaka 15, karatasi hizi hapa, naomba umri urekebishwe kwenye jalada. Akikataa kupokea nenda kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya. Halafu toka hapo nyoosha mpaka ofisi ya ustawi wa jamii ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji, muulize afisa ustawi wa jamii, mpe kopi na yeye, mwambie kuna mtoto yuko selo na watu wazima. Huyu afisa watu wengi wanamsahau wanadhani ni wa mambo ya ndoa na matunzo, kumbe kwenye kesi ya mtoto yeye ni mtu muhimu kuliko hata mimi wakili, ntarudi kwake.

Kingine, mtoto akikamatwa polisi wanatakiwa wamjulishe mzazi au mlezi mara moja kwamba yuko chini ya ulinzi na kwa kosa gani. Na anapohojiwa anatakiwa awe na mzazi, mlezi au afisa ustawi pembeni yake. Kama maelezo ya onyo (yale mtuhumiwa anayoandikwa polisi) yalishachukuliwa usiku ule peke yake kama mtu wa miaka 19, msikate tamaa na wala msiende kugombana, mkumbusheni tu wakili aliulize hilo mahakamani, maelezo yanaweza kupingwa yasipokelewe. Mtoto nae mwambieni, mkiruhusiwa kumuona, asisaini kitu kipya bila mtu wenu kuwepo. Na aache kusema 19! Aseme ukweli na aseme kwanini alidanganya, hakimu ataelewa, hii ya tajiri wa mtumbwi sio yeye wa kwanza.

Dhamana. Hapa ndo jirani alipochanganya mambo kabisa. Sheria ya Mtoto inasema mtoto akikamatwa na haiwezekani kumfikisha mahakamani mara moja, polisi wamuachie kwa dhamana ya mzazi, mlezi au ndugu, isipokuwa kwa sababu tatu, moja kosa liwe la kuua au lenye kifungo kinachozidi miaka saba, mbili iwe ni kwa faida ya mtoto mwenyewe kumtoa kwenye kundi baya, tatu polisi waone akitoka haki itaharibika. Sasa nikwambie ukweli usije ukaenda pale na matumaini ya bure, kuvunja duka ni kosa la mpaka miaka 10, kwahiyo limezidi saba, polisi wanaweza kukataa kumtoa na wasiwe wamevunja sheria. Ingekuwa wizi wa kawaida tu wa simu, bila kuvunja, mngewabana. Ila kukataliwa polisi sio mwisho, mahakamani kosa hili lina dhamana, na sheria inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo. Kakamatwa Jumapili usiku, basi msisubiri Ijumaa, kuanzia Jumatatu muwe mnauliza anapandishwa lini.

Muangalie pia kosa linaandikwaje. Kama usiku ule walikuta panga au nondo, kuna hatari mtu akaandika unyang'anyi wa kutumia silaha, na hilo kwa mtu mzima halina dhamana na kifungo chake sio chini ya miaka 30. Unyang'anyi unataka mtu awe ametishiwa au kuumizwa katika kuchukua mali. Kibanda kilichofungwa usiku hakina mtu wa kutishwa. Kama mlinzi hakuguswa basi hiyo ni kuvunja na kuiba, wakili wenu alisimamie hilo kuanzia siku ya kwanza.

Na dhamana ni bure. Sijui niseme kwa lugha gani hili likaeleweka mkoa mzima. Barua ya mtendaji wa mtaa, kitambulisho cha NIDA cha mdhamini, basi. Akitokea mtu anasema "leteni laki na nusu tumalize", hata kama ni ndugu yenu anayefahamiana na askari, hiyo sio dhamana.

Kwanini nang'ang'ania dhamana hivi, ni kwa sababu ya jiografia. Mtoto aliyenyimwa dhamana hatakiwi kwenda gereza la watu wazima, anatakiwa mahabusu ya watoto, nyumba inayosimamiwa na ustawi wa jamii. Sasa hizo nyumba ziko mikoa michache kama Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Kilimanjaro, Mbeya, ukiangalia ramani utaona zote zimekaa huko mashariki, kaskazini na kusini, huku magharibi tumekaa kama watoto wa kambo. Mtoto wa Kigoma akinyimwa dhamana ni aidha asafirishwe mbali sana na kesi yake iko hapa, kila tarehe arudishwe, au, ndo kinachotokea, anaishia gereza la mkoa na watu wazima, labda chumba tofauti labda sio. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilishazunguka magereza na vituo vya polisi ikatoa ripoti 2011 ikionyesha watoto wanachanganywa na wakubwa. Yameboreka tangu hapo, ndio, ila hayajaboreka kiasi cha mi kukaa nikisubiri tarehe ya wiki mbili mtoto akiwa ndani. Usiku mmoja humo unatosha kuleta kesi ya pili, ya yeye kutendewa. Kwahiyo mahakama za huku wakili mzuri siku ya kwanza hagusi ushahidi, anapigania dhamana tu, na anawaleta wazazi wamejipanga, mwenyekiti wa mtaa yupo, na anaeleza mtoto akitoka atalala wapi. Nyinyi mkisema arudi Kibirizi kwenye mitumbwi mmejimaliza. Semeni atakaa kwa shangazi yake Ujiji na hatarudi kule, na mmaanishe.

Kesi yenyewe itasikilizwa Mahakama ya Watoto. Msitafute jengo jipya lenye bango, mara nyingi ni chumba cha mahakama ya mwanzo ambacho Jaji Mkuu amekitangaza kwenye gazeti la serikali kitumike kama mahakama ya watoto, ila anayekaa pale sio hakimu wa mwanzo, ni hakimu mkazi. Nikueleze inavyokuwa ili mtoto asiogope. Mlango unafungwa, wale watu wa kukaa mabenchi ya nyuma kusikiliza kesi za watu hawaingii. Ndani yupo hakimu, karani, wakili wa serikali, wakili wa mtoto, afisa ustawi, mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe. Hakimu mzuri hamuweki kizimbani, anamuweka kwenye benchi karibu na shangazi yake. Shtaka anasomewa kwa maneno mepesi, "wanasema wewe na wenzako mlivunja kile kibanda mkachukua simu, umeelewa? ni kweli au sio kweli?" na kama Kiswahili cha mahakamani kinamchanganya anaelezewa tena. Sheria inataka mambo yaende kwa kuuliza na kuelewana, sio kule kukandamizana kwa maswali unakokuona kwa wakubwa. Mtoto ana haki ya kusema maoni yake na hakimu ana wajibu wa kumwambia ana haki ya rufaa. Nimeona mtoto anabubujikwa na machozi hakimu anasimamisha dakika kumi anyweshwe maji. Nimeona pia, mkoa ambao siutaji, mtoto wa miaka 16 anapandishwa kwenye mahakama ya wazi asubuhi pamoja na foleni ya watu wazima, watu wamejaa, kwa sababu tu kwenye hati ameandikwa 18. Tofauti ya vyumba hivyo viwili ni mstari mmoja kwenye hati ya mashtaka.

Kama mmekuta ameshapelekwa mahakama ya wakubwa kama mtu wa miaka 19, hapohapo siku ya kwanza asimame mtu, wakili au hata wewe mwenyewe dada, nyosha mkono, mwambie mheshimiwa huyu ni mtoto. Hakimu akiona kuna mashaka ya umri anatakiwa afanye uchunguzi kabla ya kuendelea. Hawezi kukupuuza ukiwa na karatasi mkononi.

Kuna maneno mawili yamefunga watu wengi kuliko ushahidi, "kiri yaishe". Mtoto anaambiwa humo selo na wenzake wakubwa, we kiri tu, mtoto hafungwi, sisi tutoke. Ni kweli hafungwi, lakini akikiri anakuwa na hatia na njia ya rufaa inabana sana, kwa kanuni ya kawaida ukikiri kosa unaweza kukata rufaa juu ya adhabu tu sio juu ya hatia. Kama hakuvunja, alisimama tu nje anaangalia, asikiri kosa hilo, aeleze alichofanya na alichokiona. Hao wawili wakubwa wana sababu zao za kumtwisha.

Wakili mtatoa wapi. Hamna hela, najua. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawahusu moja kwa moja, mtoto aliyekinzana na sheria, yaani anayetuhumiwa kosa, anatakiwa apatiwe msaada wa kisheria, na afisa ustawi anaweza kuanzisha hilo. Wasaidizi wa kisheria wapo kwenye kata, hawasimami mahakamani kama wakili ila wanawaandikia barua, wanawapeleka ofisi sahihi, na hawatakiwi kuwatoza. Chama cha Mawakili Tanganyika nacho kina wanachama hapa mjini na wapo wanaobeba kesi za watoto bila malipo, ulizeni pale Mahakama Kuu Kigoma, siku hizi hatupandi tena treni kwenda Tabora kutafuta Mahakama Kuu, iko hapahapa.

Tuje kwenye Mbeya sasa, maana ndo hofu ya familia. Ipo kweli, inaitwa Shule ya Maadilisho Irambo, ndo ya aina hiyo kwa nchi nzima, na mahakama inaweza kuamuru mtoto aende huko. Ila tuwe wakweli, haiwi kwamba ukiwa mtoto unapandishwa basi la Mbeya. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 119, inakataza kabisa kumhukumu mtoto kifungo, halafu inampa hakimu njia nyingi za kuchagua, anaweza kumuachia bila amri yoyote, anaweza kumuachia kwa masharti awe na tabia njema chini ya uangalizi wa afisa ustawi, anaweza kuamuru mzazi au mlezi alipe faini au fidia badala ya mtoto, anaweza kumkabidhi kwa mtu anayefaa kumlea, au kama mtoto katoka mkoa mwingine arudishwe kwao kwa gharama za serikali. Shule ya maadilisho iko mwisho wa huo mstari, na kanuni za mahakama ya watoto za 2016 zinataka iwe hatua ya mwisho. Kwa mtoto wa kosa la kwanza, hakuumiza mtu, ana shangazi amesimama pale na ana pa kulala, mi ningeshangaa sana hakimu akifika huko.

Kinachoamua ni ripoti ya afisa ustawi, nilisema ntarudi kwake. Kabla ya hakimu kuamua afanye nini na mtoto, afisa anatakiwa amletee taarifa, mtoto kaishi wapi, baba alifariki lini, aliacha shule kwanini, nani anamlea, nyumbani pakoje. Ataenda kwenu, ataongea na mwalimu, ataongea na majirani (na huyo jirani wenu mwenye ushauri pia, jiandaeni). Wazazi wanakosea hapa wanapiga nyumba fagio wanamfundisha kila mtu aseme mtoto ni malaika. Usifanye hivyo. Afisa akigundua mnamficha kitu ripoti inakuwa mbaya. Mwambie kaacha shule form one baada ya baba yake kufariki, kaingia Kibirizi kutafuta hela, kapata marafiki wakubwa, na sasa tunataka kufanya hivi na hivi, arudi shule, au aingie VETA, au ajifunze ufundi kwa mjomba. Hakimu anatafuta mtu wa kumkabidhi mtoto, mpeni.

Kwa wasomaji wa Kasulu na Kibondo, maana najua mtauliza, sheria hii haichagui uraia. Mtoto wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Nduta, Mrundi au Mkongo, akishtakiwa hapa ni mtoto chini ya sheria hiihii, mahakama ileile. Kwake tatizo la umri ni kubwa zaidi maana karatasi zake ni zile za kambini, basi ndo zitumike hizohizo.

Na kama kuna mtu anasoma hii mtoto wake ameshahukumiwa kifungo kama mtu mzima, bado kuna mlango. Notisi ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10 tangu hukumu, rufaa yenyewe ndani ya siku 45, na ukichelewa unaomba kuongezewa muda kwa kueleza sababu. Mahakama Kuu ikiridhika alikuwa mtoto kifungo hakisimami. Ila kuthibitisha umri ukiwa rufaa ni kazi ngumu mara kumi kuliko kuusema siku ya kwanza.

La mwisho dada, kumlipa mwenye kibanda. Mnaweza kuongea nae, na nashauri mwongee, lakini sio kimyakimya na sio kwa kumpa askari hela akampe. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, mwenye kibanda hawezi kuifuta kwa kusema nimesamehe, ni wakili wa serikali ndo anaweza kuiondoa mahakamani. Kwahiyo mkikubaliana kaeni mbele ya mtendaji wa mtaa, iandikwe simu ngapi zimerudi, zipi zimelipwa kwa shilingi ngapi, mwenye mali asaini kwamba hana madai na familia, na isiandikwe popote kwamba mtoto amekiri kuvunja, andikeni "bila kukubali kosa, kwa lengo la kumaliza madai ya mali". Lipeni sehemu yenu tu, wale wawili wakubwa wana ndugu zao. Kopi moja mpelekeeni wakili wa serikali ofisi ya mashtaka ya mkoa, moja kwa afisa ustawi aiweke kwenye ripoti yake, na ile yenye saini za wino ubaki nayo wewe, mtu akikuomba mpe kopi.